Bei Imeruka, Kadi Imekataa, Bahari Haipo: Utatuzi wa Matatizo ya Kupanga Likizo ya Pwani kwa Simu

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, soma sababu, fanya jaribio, ndipo uchukue hatua. Mifano mingi ni ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, kwa ndege, treni na boti, kwa sababu huko ndiko tovuti za dunia nzima hukosea zaidi.

Kabla ya yote: nani ameshika nafasi yako?

Utakutana na watu wa aina tatu. Yupo anayeonyesha tu, kama Google Flights au Skyscanner: anakusanya bei na kukupeleka kwa mwingine. Yupo anayeuza: wakala wa tiketi wa mtandaoni, au soko la vyumba kama Booking.com, Agoda na Airbnb. Na yupo mwenye huduma yenyewe, yaani shirika la ndege, hoteli, reli au kampuni ya boti. Ukikata tiketi kwenye tovuti ya shirika lenyewe, wa pili na wa tatu ni mmoja.

Aliyepokea pesa yako ndiye mwenye uwezo wa kuigusa nafasi yako. Shirika la ndege linaweza kukuona kwenye orodha ya abiria na bado likakwambia urudi kwa wakala. Si ukaidi, tiketi iliyotolewa na wakala hubadilishwa na wakala. Kwa hiyo tatizo likitokea, angalia jina lililo kwenye meseji ya benki au ya M-Pesa, anza na huyo. Nembo iliyo juu ya ukurasa isikuchanganye.

Na tofauti ya bei kati ya wakala na shirika ikiwa ndogo, nunua kwa shirika. Shilingi 2,000 za Kenya ulizookoa hazitakusaidia siku ndege imeahirishwa na wakala yuko bara jingine, hapokei simu.

Dalili: bei ya kwenye matokeo siyo bei ya kwenye malipo

Wengi husema tovuti imewatambua na kuwapandishia. Fungua dirisha la faragha ukitaka, halina madhara, lakini mara nyingi bei itabaki ileile, maana sababu iko kwingine.

Ya kwanza: bei uliyoiona ni nakala ya zamani. Anayeonyesha hamwulizi mwenye ndege kila sekunde. Anahifadhi majibu ya utafutaji uliopita, na ukibonyeza ndipo swali la kweli linapoulizwa. Jaribio ni rahisi. Tafuta safari ileile, tarehe ileile, kwenye tovuti ya shirika. Bei ikifanana na ile ya juu, ile ya chini ilikwisha kufa.

Ya pili huwaumiza wanaosafiri na familia. Viti vya daraja moja huuzwa kwa mafungu ya bei, na kila fungu lina idadi yake. Tuseme kwenye fungu la bei nafuu vimebaki viti 2, nawe unatafuta vya watu 4. Mfumo hautakupa 2 kwa bei nafuu na 2 kwa bei ya juu. Utawahamisha wote 4 kwenye fungu linalowatosha. Jaribu kutafuta kwa mtu 1, kisha 2, kisha 4. Bei ya kila mtu ikipanda unapoongeza watu, umeipata sababu. Unaweza kukata tiketi mara mbili, wawili wawili, lakini kila mtoto abaki kwenye hifadhi moja, yaani nafasi zilizowekwa pamoja, na mtu mzima, na mjue kwamba ndege ikifutwa mfumo utawashughulikia kama wageni wasiojuana.

Ya tatu ni nyongeza: mzigo, kuchagua kiti, ada ya njia ya malipo. Kwenye ndege za bei nafuu begi la kupakia mara nyingi halimo kwenye bei ya kwanza. Ndege ndogo za mbugani na visiwani zina shida nyingine: Safarilink na Coastal Aviation huruhusu kilo 15, na hutaka begi laini. Sanduku gumu la magurudumu haliingii kwenye tumbo la Cessna hata ukilipia.

Dalili: kadi inakataa ingawa salio lipo

Fuata mpangilio huu, usirukie kupiga simu benki.

1. Je, kadi imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi? Benki nyingi za kwetu huzifunga kadi hadi mwenyewe uzifungue kwenye programu ya benki au tawini.
2. Je, namba ya uthibitisho ilikuja? Ikiwa uko Muscat au Toronto na laini ya benki imebaki Mombasa kwa shangazi, muamala utakufa hata kadi ikiwa nzima. Kabla ya kuondoka, hakikisha laini hiyo inapokea meseji ukiwa nje, au hamishia uthibitisho kwenye programu ya benki.
3. Je, salio linatosha baada ya kubadilisha fedha? Chumba cha dola 180 hakikatwi kwa kiwango unachokiona ukitafuta mtandaoni. Benki ina kiwango chake na makato yake. Acha ziada ya asilimia 5 hivi.
4. Je, anwani imejazwa? Tovuti nyingi za nje hazikubali kisanduku cha postikodi kibaki wazi. Nairobi GPO ni 00100, Mombasa GPO ni 80100. Tanzania, tumia postikodi ya kata yako.

Watumiaji wa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2022, wana sababu nyingine mbili. Ile namba ya tarakimu tatu ya usalama hudumu kwa muda mfupi tu, kwa hiyo itoe ukiwa tayari kwenye ukurasa wa malipo. Ukiiandika kitabuni ukaitumia jioni, itakataa. Pia kuna kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Villa ya familia nzima kwa wiki ya Krismasi inaweza kuvuka hapo, nawe ukadhani tovuti ndiyo mbovu.

Kadi za namna hii zinafaa kwa kulipa moja kwa moja. Kwa hoteli itakayotaka kuiona kadi mapokezi, au kukata pesa siku ya kuwasili, tumia kadi ya kushikika yenye jina lako.

Jambo jingine hapa si kosa bali ni mtego. Ukiulizwa ulipe kwa fedha ya kadi yako au kwa fedha ya hoteli, chagua ya hoteli. Ukichagua ya kadi, ubadilishaji unafanywa na upande wao kwa kiwango chao, ambacho mara nyingi ni kibaya zaidi. Na ikiwa bei ya hoteli ni ya shilingi na kadi yako ni ya shilingi, hakikisha tovuti haijajiweka kwenye dola, usije ukabadilisha mara mbili bila sababu.

Dalili: pesa imekatwa, tiketi haionekani

Usilipe mara ya pili. Ndilo kosa linalogeuza tatizo la saa moja kuwa la wiki tatu.

Tofautisha hifadhi na tiketi. Hifadhi ina herufi na tarakimu 6, ile inayoitwa PNR. Tiketi ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutambulisha shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates. Ukiwa na zile 6 bila zile 13, una kiti kilichotengwa tu, bado hakijawa tiketi, na kinaweza kuachiwa. Ingia kwenye tovuti ya shirika, weka PNR na jina la ukoo. Ukiona namba ya tiketi, kilichopotea ni barua pepe tu: tazama kwenye spamu, tazama kama uliandika anwani kwa usahihi. Ikiwa hifadhi ipo bila tiketi, mtafute aliyekata pesa siku hiyohiyo. Ikiwa hakuna chochote, huenda benki imeshikilia pesa tu bila kuitoa. Kwenye programu ya benki muamala wa namna hiyo huonekana kama unasubiri, na hurudi wenyewe baada ya siku kadhaa.

Kwa malipo ya simu makosa ni mengine. Kenya, tatizo la kawaida ni namba ya akaunti iliyokosewa kwenye paybill. Hifadhi meseji yenye msimbo wa muamala, maana bila huo hakuna atakayekutafutia. Tanzania, huduma za serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Namba hiyo ina muda wake. Ukilipa ikakataa, usiibishie. Rudi kwenye tovuti utoe nyingine.

Dalili: jina la kwenye tiketi halilingani na pasipoti

Fatma na Fatuma ni mtu mmoja kijijini, uwanja wa ndege ni watu wawili. Vivyo hivyo Mohamed na Muhammad, Othman na Athumani, Hussein na Huseni. Usijaze kwa kumbukumbu. Fungua ukurasa wa picha wa pasipoti utazame ile mistari miwili ya chini yenye alama za <<<. Ukiacha herufi za mwanzo za aina ya hati na za nchi, kinachotangulia alama mbili za kwanza zilizofuatana ni jina la ukoo. Kinachofuata ni majina mengine. Nakili hivyo.

Mambo mawili yanayotisha bila sababu: majina kushikamana, kama ASHASALIM, na cheo kubandikwa mwishoni, kama ASHAMRS. Hivyo ndivyo mifumo ya ndege inavyoandika. Kinachopaswa kukushtua ni herufi iliyokosewa, jina la ukoo lililobadilishana nafasi na jina la kwanza, au tiketi ya mama iliyoandikwa jina la ndoa ilhali pasipoti ina jina la baba yake. Rekebisha mara unapoligundua, ikiwezekana siku ileile ya kununua. Marekebisho ya herufi chache huwa mepesi. Kubadilisha mtu mmoja awe mwingine kwa kawaida hakukubaliwi.

Dalili: umefika uwanjani siku isiyo yako

Hapa lugha yetu yenyewe hututega.

Tiketi inasema Jumamosi saa 00:35. Kwa Kiswahili hiyo ni saa sita na dakika 35, usiku wa kuamkia Jumamosi. Kwa hiyo unatoka nyumbani Ijumaa jioni na kuwa uwanjani Ijumaa saa tatu usiku. Anayesoma "Jumamosi" na kufika Jumamosi usiku amechelewa kwa siku nzima. Safari zote zenye saa kati ya 00:00 na 05:59 zisome mara mbili, kisha ziandike kwa maneno: "usiku wa kuamkia". Na chumba cha huko unakokwenda kifuate hesabu hiyo. Ukitua saa 02:00 ya tarehe 15 na kuweka chumba kuanzia tarehe 15, utaambiwa kitakuwa tayari saa nane mchana. Weka kuanzia tarehe 14, umwandikie mwenye hoteli kwamba utafika alfajiri, asije akahesabu kwamba mgeni hakutokea.

Kosa la pili ni kujaza fomu. Ukiambiwa uandike saa ya kuwasili na wewe unawaza saa nane mchana, usiandike 08:00. Ni 14:00. Ongeza au punguza 6, halafu mfikirie dereva atakayekusubiri asubuhi bure.

La tatu ni tarehe. 04/08 kwenye tovuti ya Kimarekani ni tarehe 8 Aprili. Usiiandike, ichague kwenye kalenda, na hakiki jina la siku.

La nne ni majira. Saa za kwenye tiketi ni za mahali husika, kila uwanja saa yake. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wako saa moja mbele ya Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi. Muscat na Dubai wako saa moja mbele yetu. Ukiandika kwa mkono kwenye kalenda ya simu "ndege 14:00" ya Muscat ukiwa bado Dar, ukitua huko simu itakuonyesha 15:00. Weka eneo la saa ndani ya tukio lenyewe, au andika kwenye karatasi, ambayo haijawahi kujibadilisha.

Dalili: programu imekupeleka kiwanja kingine, au njia isiyopitika

Herufi tatu za uwanja zina uzito kuliko jina la mji. Nairobi ina NBO, yaani uwanja mkuu wa Jomo Kenyatta (JKIA), na WIL, yaani Wilson, ambako ndege nyingi ndogo za Mara na baadhi ya zile za Lamu huondokea. Ukitua NBO na kuunganisha kutoka WIL, lazima uchukue mzigo, utoke, uvuke mji kwa gari. Tovuti ikikuuzia muunganiko huo kwa nafasi ya saa moja na nusu, ukatae. Jipe saa 4, na zaidi siku ya kazi jioni. Arusha ina ARK karibu na mji na JRO iliyo mbali, kama kilomita 50, upande wa kwenda Moshi. Kwa Diani, UKA ya Ukunda iko karibu zaidi kuliko MBA ya Mombasa. Ukitafuta Lamu utapewa LAU. Kiwanja hicho kiko kisiwa cha Manda, na kutoka hapo ni boti, siyo teksi.

Ramani nazo zina tabia zao. Ukiomba njia ya gari kutoka Arusha hadi Mwanza au Musoma, inaweza kukupitisha Ngorongoro na Serengeti kwa sababu ni fupi. Haikwambii kwamba getini kuna kiingilio cha kila mtu na cha gari, na kwamba barabara ni ya vumbi. Kama huendi kuangalia wanyama, zunguka kwa lami kupitia Singida na Shinyanga. Kutoka kituo cha treni cha Miritini kwenda Diani, ramani inaweza kukuingiza Mombasa hadi kivuko cha Likoni bila kujua foleni ya Likoni ni kitu gani. Lazimisha ipite barabara ya Dongo Kundu kwa kuweka kituo katikati ya safari.

Muda wa safari ndefu uongezee robo. Vijiji vya Tanzania vina mwendo wa kilomita 50 kwa saa na askari wenye kamera, matuta hayahesabiki, na lori la makontena likikutangulia kwenye barabara ya Mariakani halijali ramani ilisema nini.

Pakua ramani ya eneo zima ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha weka simu kwenye hali ya ndege na ujaribu kuifungua. Kama haifunguki nyumbani, haitafunguka Makunduchi bando likiisha.

Dalili: hoteli ni ya ufukweni, lakini bahari haipo

Picha ni za kweli. Zilipigwa maji yakiwa yamejaa.

Mashariki mwa Unguja, Paje, Jambiani, Bwejuu, maji yakipwa hurudi nyuma mamia ya mita hadi kwenye mwamba, na unabaki na mchanga, mashamba ya mwani na wanawake wanaovuna. Ni pahali pazuri mno, ila si pa kuogelea saa hiyo. Siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo zaidi.

Namna ya kupanga: fungua jedwali la maji kujaa na kupwa la Zanzibar au Mombasa, programu za bure zipo tele, utazame tarehe zako zenyewe. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwenye pwani yetu bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa nne asubuhi. Mwenye watoto wanaotaka kuogelea baada ya kifungua kinywa atafute wiki ya maji mafu, au aende Nungwi na Kendwa, kaskazini, ambako maji hayaendi mbali hivyo. Anayetaka kwenda mkahawa wa The Rock kule Michamvi Pingwe asome jedwali hilohilo: maji yakipwa unatembea, yakijaa unavushwa kwa mashua.

Hali ya hewa kwenye programu usiitegemee kwa zaidi ya siku chache. Utabiri wa wiki tatu mbele ni wastani wa miaka iliyopita uliovishwa picha ya wingu. Tumia majira unayoyajua. Masika, kati ya Machi na Mei, bei hushuka, na baadhi ya hoteli za Lamu na za mbugani hufunga kabisa. Kusi likivuma katikati ya mwaka, bahari huchafuka na boti hutikisa. Kaskazi, Desemba hadi Machi, kuna joto na maji matulivu zaidi. Tovuti huonyesha vyumba vya Mei kwa bei ya kuvutia bila kusema kwa nini.

Maoni ya wageni yapange kwa tarehe, usome yale ya mwezi uleule wa mwaka uliopita. Tafuta ndani yake maneno machache: jenereta, maji ya chumvi bafuni, ujenzi, muziki. Alama 9.1 ya jumla haitakwambia kwamba jirani anajenga ghorofa. Kisha fungua picha ya setilaiti uone kama kati ya hoteli na maji kuna barabara. Diani, "dakika 5 hadi ufukweni" mara nyingi ina maana uko upande wa pili wa barabara kuu ya hoteli.

Dalili: bili ya mapokezi ni kubwa kuliko ya kwenye simu

Tazama vitu vinne: je, bei ni ya chumba au ya mtu, je, kodi imo, je, ni kifungua kinywa tu, au na chakula cha jioni, na je, uliweka idadi ya watoto na umri wao. Zanzibar kuna tozo ya kila mtu kwa kila usiku ambayo tovuti nyingi huiacha ilipwe hotelini, na maandishi yake huwa madogo chini ya bei kubwa.

Cha tano ni bei ya mkaazi. Hoteli nyingi za Kenya na Tanzania zina bei ya raia na wakaazi ambayo masoko ya kimataifa hayaionyeshi. Kabla ya kulipa, ipigie hoteli au iandikie WhatsApp kwa namba iliyo kwenye tovuti yake, uulize bei ya mkaazi. Mbugani ni hivyohivyo. Maasai Mara, mgeni wa nje hutozwa dola 100 Januari hadi Juni na dola 200 Julai hadi Desemba, kwa saa 12 tu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Raia wana bei yao ya shilingi. Ukichanganya binamu kutoka Uingereza na wa Nakuru kwenye fomu moja, mfumo unaweza kuwahesabu wote kuwa wageni.

Dalili: treni inaonyesha imejaa

Madaraka Express ya Nairobi na Mombasa, nauli shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 la kwanza, hujaa wiki za Krismasi, Pasaka, Idi na kufunga shule. Kabla ya kukata tamaa, jaribu treni zote: ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, ya saa tisa mchana, na ya saa nne usiku. Tovuti ikigoma, jaribu *639#. Jaribu tena alfajiri pia, maana hifadhi zisizolipwa huachiwa. Treni ya usiku hufika Mombasa kabla hakujakucha, kwa hiyo kanuni ya kuamkia inatumika hapa pia. Kumbuka kituo cha Nairobi ni Syokimau na cha Mombasa ni Miritini. Hesabu usafiri wa pande zote, na muda wa ukaguzi wa mizigo mlangoni.

SGR, reli ya kisasa ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo, hukatiwa tiketi kwenye tovuti ya Shirika la Reli Tanzania (TRC). Kadi ikigoma, chukua namba ya malipo ulipe kwa simu.

Boti ya Dar na Zanzibar: kata kwenye tovuti ya kampuni yenyewe au dirishani kwao. Mtu anayekufuata nje ya bandari akisema tovuti imeharibika leo, huyo ni papasi, dalali wa mtaani, na tovuti haina neno.

Dalili: meseji inasema chumba chako kitafutwa usipothibitisha kadi

Ujumbe huu unaweza kuja ndani ya mazungumzo halisi ya soko la vyumba, wenye jina lako, tarehe zako na hoteli yako. Unatisha kwa sababu ni sahihi. Kinachotokea ni kwamba wezi wameingia kwenye akaunti ya hoteli na kuandika kwa niaba yake. Usifuate linki. Fungua hifadhi yako kutoka kwenye programu, uangalie hali ya malipo, kisha ipigie hoteli kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Kama umeshajaza kadi kwenye linki hiyo, ifunge kadi kwanza, malalamiko baadaye.

Ndugu wa tatizo hili ni nyumba ya bandia: villa ya Nyali kwa nusu bei, mwenyewe yuko safarini, anaomba ulipe nje ya mtandao ili "tuepuke makato". Pitisha picha kwenye Google Lens. Ikitokea kwenye villa ya Bali, umemaliza uchunguzi. Isipotokea popote, omba akutumie video akitembea kutoka getini hadi barabarani. Mara nyingi, mwizi hana geti.

Dalili: kibali kimekula pesa mara tatu ya bei

Matangazo hukaa juu ya matokeo ya utafutaji. Kibali cha kuingia Kenya, eTA, kiko etakenya.go.ke, ada yake ya msingi dola 30. Viza ya Tanzania iko visa.immigration.go.tz: dola 50 kwa wengi, 100 kwa raia wa Marekani. Anwani isiyoishia na .go.ke au .go.tz ni ya mtu wa kati. Watanzania, Waganda, Wanyarwanda na Warundi hawahitaji eTA. Lakini mtoto aliyezaliwa Ohio mwenye pasipoti ya Marekani anahitaji chake, hata kama wazazi wake ni Watanzania.

Tangu Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hununua bima ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, hata akiwa na bima nyingine. Na anayetoka Kenya achukue cheti cha homa ya manjano: chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuikumbuka wiki moja kabla ya safari ni kuchelewa.

Dalili: ulifuta kwa wakati, wamekata pesa

"Kufuta bure hadi 23:59" ni saa ya hoteli. Aliye Toronto anayefuta chumba cha Nungwi ana mwisho wa saa 15:59 au 16:59 kwake, kutegemea majira. Piga picha ya skrini ya sharti hilo siku ya kuweka nafasi, siyo siku ya ugomvi, na nyingine ya uthibitisho wa kufuta wenye saa. Urejeshaji huenda kwenye kadi ileile iliyolipa, kwa hiyo usiifunge wala kuibadilisha hadi pesa iingie.